Sura ya 6: Simu Imejaa, Ninunue Memori Kadi?

"Simu inaniambia haina nafasi. Ninunue memori kadi au nibadilishe simu kabisa?"

Swali hili halichagui mtu. Linaulizwa na mwalimu mwenye picha za mahafali, na kijana wa bodaboda mwenye nyimbo mia tano, na bibi anayesubiri picha ya mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam. Katika sura hii tutalijibu tukiwa Dindira, kata ya Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, juu kwenye milima ya Usambara ya Magharibi. Kule chini Korogwe kuna joto, mkonge na barabara kuu ya kwenda Arusha. Huku juu kuna ukungu, migomba na mashamba ya chai.

Nimechagua Dindira kwa sababu ya chai. Mchuma chai anajua jambo ambalo wengi wenye simu hawajalijua: majani hayalali kwenye tenga. Yakichumwa yanapimwa, yanapakiwa, na siku hiyohiyo yanafika kiwandani. Yakiachwa yamebanana humo, yanapata joto, yanageuka rangi, na kazi ya kutwa nzima inaharibika. Tenga ni chombo cha kubebea. Hakuna anayelifanya ghala, na simu nayo ni tenga.

Mezani kwa fundi simu

Tuseme ni siku ya gulio. Mama mmoja anaikaribia meza ya fundi simu, yenye kioo juu na memori kadi zilizopangwa chini yake kama hereni za sonara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii simu. Tangu jana picha haziingii."

Fundi anafungua mipangilio, anaingia sehemu ya hifadhi. Simu ni ya GB 32. Mfumo wenyewe wa simu umekula GB 13. Programu zimekula 6. Picha alizopiga mama mwenyewe hazifiki 2. WhatsApp peke yake ina GB 9.

"Mama, una magrupu mangapi?"

"La ukoo, la kwaya, la vikoba, la wazazi wa shule, na lile la harusi ya mwaka juzi."

"Harusi si ilishapita?"

"Mbona mtoto wao sasa anatembea!"

Hapo fundi mwenye haraka angeuza memori kadi na kumaliza. Fundi mwaminifu anaanza na kufuta, kwa sababu memori kadi isingemsaidia sana mama huyu. Picha na video za WhatsApp hujihifadhi ndani ya simu yenyewe, hata kama kadi ipo na ni tupu. Unaweza kuzihamisha kwa mkono kwenda kwenye kadi, lakini ukishafanya hivyo hutaziona tena ndani ya maongezi.

Kabla ya kutoa pesa mfukoni, basi, fanya haya matatu:

1. Fungua mipangilio ya simu, ingia sehemu ya hifadhi, uone ni nini hasa kinachokula nafasi.
2. Ndani ya WhatsApp, zima upakuaji wa kiotomatiki, yaani ile tabia ya simu kujivutia kila picha na video bila kukuuliza. Utaokoa nafasi na bando kwa pamoja.
3. Fungua sehemu ya WhatsApp ya kusimamia hifadhi, panga mafaili kuanzia makubwa, ufute yasiyo na kazi. Video moja ya vichekesho inaweza kuwa nzito kuliko picha thelathini za familia.

Ukimaliza hayo na simu bado imejaa, sasa tuzungumze kuhusu kadi.

Meza ya cherehani na kabati

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Watu husema "memori" wakimaanisha vitu viwili tofauti. Muuzaji akikwambia simu ina "3 na 64", anataja RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 64.

Mfikirie fundi cherehani. Meza yake ndiyo RAM: hapo kinakaa kitambaa anachokishona saa hii tu. Kabati lake ndilo hifadhi: humo zinakaa nguo zote, zilizoshonwa na zinazosubiri. Meza ikiwa ndogo, kazi inakwenda polepole hata kabati likiwa kubwa kama chumba.

Memori kadi ni kabati la pili, haiongezi meza. Simu inayokwama na kuganda kwa sababu RAM yake ni ndogo haitapona kwa kuwekewa kadi. Anayekuuzia kadi kwa ahadi ya "simu itakuwa nyepesi" anakuuzia kabati ilhali tatizo lako ni meza.

Vipimo navyo ni rahisi. Baiti ni nafasi ya kuandikia herufi moja. Kilobaiti, yaani KB, ni kama baiti elfu. Megabaiti, MB, ni kama milioni. Gigabaiti, GB, ni kama bilioni. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 4. Picha ya simu ya kisasa ni MB 3 hadi 5. Video safi ya dakika moja hukaribia MB 100, mara nyingine hupita. Ukirekodi saa nzima ya harusi, umetumia GB 6 au 7.

*Kwa ufupi: RAM ni meza, hifadhi ni kabati, memori kadi ni kabati la nyongeza. Video ndizo zinazojaza kabati haraka kuliko kitu kingine chochote.*

Ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha

Chukua memori kadi ya simu, iweke kwenye ukucha wa dole gumba. Urefu wake ni milimita 15, upana milimita 11, unene milimita 1. Igeuze. Nyuma utaona vipande vinane vya rangi ya dhahabu vilivyojipanga kama meno. Hapo ndipo simu inapozungumza na kadi. Pembeni kuna kijimkato. Kimewekwa ili kadi isiingie kinyumenyume, kwa hiyo ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu, igeuze.

Kilichomo ndani asili yake ni Japani. Katika miaka ya 1980, mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alibuni aina ya kumbukumbu isiyosahau hata umeme ukikatika. Mwenzake, Shoji Ariizumi, aliona jinsi kumbukumbu hiyo inavyofutika kwa mara moja, akakumbuka mmweko wa kamera, ndipo ikaitwa flashi. Kwa hiyo mtu wa Korogwe anapoomba "flashi" dukani, anataja jina lililozaliwa kwenye maabara ya Japani zaidi ya miaka arobaini iliyopita.

Mwaka 1999 Toshiba, Panasonic na SanDisk zilitangaza kadi iitwayo SD, iliyokuwa kubwa kama stempu na ikapendwa kwenye kamera. Simu zilihitaji kitu kidogo zaidi. SanDisk ikaleta kadi ndogo mno, na mwaka 2005 ikakubaliwa rasmi kwa jina la microSD. Hiyo ndiyo memori kadi tunayoijua. Mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ilitoka na tundu lake.

Kadi inakumbukaje bila betri? Ndani yake kuna vyumba vidogo mno, mabilioni kwa mabilioni, na kila chumba hufungia chembe za umeme. Chumba chenye chembe kinasomeka tofauti na kisicho nazo, na tofauti hizo zikipangwa ndizo zinazokuwa sauti ya kwaya au sura ya mjukuu. Zamani kila chumba kilikuwa na mpangaji mmoja, yaani kipande kimoja cha habari. Ili kadi ziwe kubwa na za bei nafuu, viwanda viliweka wapangaji wawili kwa chumba, kisha watatu, na sasa wapo hata wanne. Kila mwenye nyumba anajua matokeo yake: chumba cha wapangaji wengi huchakaa mapema.

Tena mlango wa kila chumba hulika kidogo kila unapoandika na kufuta. Kusoma hakuuchoshi hivyo. Kadi ya nyimbo zilezile, inayochezwa kila siku kwenye redio, hudumu kuliko kadi ya kamera ya ulinzi inayoandika usiku na mchana.

Jinsi ya kusoma maandishi ya juu ya kadi

Uso wa kadi umejaa alama, na wengi husoma namba moja tu, ile kubwa. Soma na hizi:

- SDHC ni kadi ya zaidi ya GB 2 hadi GB 32. Vitochi vingi na simu za zamani huishia hapa.
- SDXC ni kadi ya zaidi ya GB 32 hadi TB 2, yaani terabaiti mbili, kama GB elfu mbili. Kabla ya kununua ya GB 64 au 128, hakikisha simu yako inaikubali. Kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye boksi la simu au kijitabu chake.
- Namba 10 ndani ya duara wazi maana yake kadi ina uhakika wa kuandika angalau MB 10 kwa sekunde. Zipo pia 2, 4 na 6, za polepole zaidi.
- Namba 1 au 3 ndani ya herufi U ni MB 10 au MB 30 kwa sekunde. Mpiga video za harusi atafute ya 3, au iliyoandikwa V30.
- A1 au A2 ni alama ya kadi inayofaa kuendeshea programu, maana programu huchukua vipande vidogo vidogo vingi kwa haraka. Kwa nyimbo na picha tu, alama hii haina haja.

Kuna jambo jingine linalozua ugomvi dukani. Umenunua kadi ya GB 64, simu inaonyesha 59 na kidogo. Umeibiwa? Hapana. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Baadhi ya simu na kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo GB yao ni kubwa kidogo na idadi inapungua. Kwa hesabu hiyo ya 32 huonekana kama 29.8, na ya 128 kama 119. Mzigo ni uleule, umepimwa kwa kisado tofauti. Lakini ukiona 64 inasoma 40, hapo rudi dukani.

Bando linalopanda bodaboda

Simama njia panda yoyote ya mlimani jioni, usikilize. Bodaboda inapanda na redio inaimba. Kwenye kibaraza mzee anasikiliza mahubiri. Dukani sabufa inapiga singeli. Si ajabu hakuna hata mmoja kati ya hao aliye hewani. Wote wanasikiliza memori kadi au flashi.

Huu ndio upande wa kadi ambao wataalamu wa mijini husahau. Kwa mtu mwenye bando la kutwa nzima, kadi ni kabati. Kwa mtu anayenunua bando la saa moja ili aongee na mwanawe, kadi ndiyo intaneti yenyewe. Kijana anashuka Korogwe mjini, anaweka kadi yake kwa mtu mwenye kompyuta, anarushiwa nyimbo, filamu zilizotafsiriwa Kiswahili, mawaidha na masomo ya mitihani, kisha anapanda nayo mlima. Kadi ya GB 16 ndani ya mfuko wa shati inabeba nyimbo zaidi ya elfu tatu na mia tano. Mzigo huo kwa bando ungemlia mchuma chai sehemu ya mshahara. Akifika nyumbani jirani anaazima, naye anarushia mwenzake, na kabla ya Jumapili wimbo umefika vijiji vitatu bila kugusa mnara.

Ukweli wa pili lazima nao usemwe. Nyimbo na filamu zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Kuuza nyimbo za mtu bila ruhusa yake ni kosa, hata kama duka lina ukubwa wa meza moja. Mahubiri ya mchungaji wako, darasa la sheikh wako, kwaya yenu wenyewe, masomo yanayotolewa bure na walimu: hayo ruhusa yake haina shida kuipata, nayo peke yake yanajaza kadi.

*Kwa ufupi: mahali ambapo bando ni ghali na mtandao unategemea kona ya mlima, memori kadi ni njia ya kupashana habari na elimu.*

Kwa nini simu nyingine hazina tundu?

Swali la wateja wa simu za bei kubwa ni hili: "Nimelipa zaidi, mbona nimepewa pungufu?"

iPhone haijawahi kuwa na tundu la memori kadi tangu ya kwanza ilipotoka mwaka 2007. Samsung ilisitasita. Ililiondoa kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wateja wakalalamika, likarudi kwenye S7 mwaka 2016, kisha likaondoka tena kwenye S21 mwaka 2021. Simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, zimeendelea kuwa nalo. Wanajua wanamuuzia nani.

Viwanda hutoa sababu zenye ukweli. Hifadhi ya ndani ya simu za bei ya juu inaweza kusoma mara kumi na zaidi ya kadi ya kawaida, ambayo mwisho wake kwa kipimo rasmi ni MB 104 kwa sekunde. Kadi mbovu ikiikwamisha simu, lawama humwendea mtengeneza simu. Tundu nalo hula nafasi ya ndani, na ni mlango mmoja zaidi wa kuzuia maji.

Ila kuna sababu isiyoandikwa kwenye boksi. Mtu asiyeweza kuongeza kadi atalazimika kununua simu ya GB 256 badala ya 128, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili huzidi bei ya kadi. Au ataambiwa ahifadhi vitu vyake mtandaoni, kisha alipie kila mwezi. Google, kwa mfano, ilikuwa ikihifadhi picha bure bila kikomo kwa ubora uliopunguzwa kidogo. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure, pamoja na barua pepe zako. Ukizijaza, unalipa. Na kabla ya kulipa umeshatumia bando kuzipandisha.

Zipo pia simu zenye tundu la kuchagua: trei moja ina nafasi mbili, na ya pili hupokea ama laini ama memori kadi, si vyote. Kwa Mtanzania mwenye laini moja ya M-Pesa na nyingine ya mtandao unaoshika vizuri kijijini kwake, huo ni mtego. Kabla ya kununua simu, mwambie muuzaji avute trei mbele ya macho yako, uhesabu nafasi. Zikiwa tatu, uko salama.

Kadi ya uongo

Sokoni Wakala wa Vipimo hukagua mizani, na lumbesa imepigwa marufuku. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, kwa sababu kila simu ina namba yake ya utambulisho, ile unayoiona ukibonyeza \*#06#. Memori kadi haina namba kama hiyo ya kuhakiki. Mkaguzi wake ni wewe.

Kadi bandia inadanganyaje? Ndani ya kila kadi, mbali na vile vyumba, kuna kompyuta ndogo sana inayofanya kazi ya karani wa ghala. Simu ikiuliza "una nafasi kiasi gani?", karani ndiye anayejibu. Mwaka 2013 wahandisi wawili, Andrew Huang na Sean Cross, walionyesha kwenye mkutano mjini Hamburg, Ujerumani, kwamba baadhi ya makarani hawa wanaweza kupangiwa maneno upya. Mtu akichukua kadi ya GB 8 na kumfundisha karani aseme 128, simu itaamini na kuandika 128.

Ubaya ni kwamba hutagundua siku ya kwanza. Nyimbo mia zinaingia na zinaimba. Siku utakapopita zile GB 8 za kweli, karani anaanza ama kutupa vipya ama kuandika juu ya vya zamani. Majina ya mafaili yapo, ukifungua hamna kitu. Ni sawa na debe lenye kitako cha uongo.

Jilinde hivi:

1. Pima bei. Kadi ya GB 128 inayouzwa kwa bei ya GB 16 ya jirani yake haiwezi kuwa ya kweli.
2. Angalia chapa. Maandishi yaliyofifia, herufi iliyokosewa au nembo iliyopinda ni dalili mbaya.
3. Omba risiti na siku chache za kuirudisha. Muuzaji anayejiamini hakatai.
4. Ijaze mpaka mwisho. Nakili video hadi kadi iseme imejaa, kisha cheza za kwanza, za katikati na za mwisho. Zote zikicheza vizuri, kadi ni ya kweli. Mwenye kompyuta atumie programu za bure za H2testw au F3, zinazofanya kazi hiyo zenyewe.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha uhakika kuliko vyote. Kifanye kabla ya harusi, usisubiri harusi ipite.

Iwe sehemu ya simu au iwe ya kubebeka?

Ukiingiza kadi mpya, baadhi ya simu za Android hukuuliza swali ambalo wengi hulijibu kwa kubahatisha. Uwezo wa kuifanya kadi iwe sehemu ya simu ulianza na Android 6 mwaka 2015, na si kila mtengenezaji ameuruhusu.

Jibu la kwanza huifanya kadi kuwa hifadhi ya kubebeka. Unaweza kuichomoa, ukaiweka kwenye redio, ukaisoma kwenye kompyuta. Programu hazikai humo, ila nyimbo, picha na video zinakaa.

Jibu la pili huifanya kadi kuwa sehemu ya simu. Hapo hata programu huweza kuhamia. Lakini simu hufuta kwanza kila kilichokuwamo, kisha huifunga kadi kwa kufuli la siri ambalo ufunguo wake uko ndani ya simu hiyo peke yake. Ukiichomoa, redio haiisomi. Simu ikifa, vilivyomo kwenye kadi havifunguki tena.

Kwa wasomaji wengi ushauri wangu ni hifadhi ya kubebeka. Chagua ile ya pili ikiwa tu simu yako ni ya GB 8 au 16, kadi ni ya kweli yenye alama ya A1, na picha zako zina nakala mahali pengine.

Kuitunza kadi mlimani

Ukungu, vumbi la barabara na mikono ya haraka vinaweza kuiharibu kadi. Kanuni hizi hazina gharama:

- Zima simu, au chagua "ondoa kadi" kwenye mipangilio, kabla ya kuichomoa. Kuichomoa wakati inaandika ni kama kumnyang'anya karani kalamu katikati ya neno. Daftari zima linaweza kuvurugika.
- Kadi ikigoma kusomeka, futa yale meno ya dhahabu taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Usilambe wala usikwangue.
- Simu ikisema kadi imeharibika na inataka kuifomati, yaani kuifuta yote na kuipanga upya, usikubali papo hapo. Ijaribu kwanza kwenye simu nyingine au kompyuta.
- Umefuta picha kwa bahati mbaya? Acha kutumia kadi dakika hiyohiyo. Picha iliyofutwa mara nyingi bado imo ndani hadi kingine kiandikwe juu yake, na fundi mwenye programu ya kurejesha anaweza kuipata.
- Ukipeleka simu kwa fundi au ukiiuza, chomoa laini na memori kadi kwanza. Picha za familia yako si sehemu ya biashara.

Na kama simu haina tundu?

Bado hujakwama. Simu nyingi za sasa zinakubali flashi inayochomekwa kwenye tundu la kuchajia. Zipo flashi zenye vichwa viwili, kimoja cha simu na kingine cha kompyuta, na kipo kiunganishi kidogo ambacho mafundi hukiita OTG kinachokuwezesha kuchomeka flashi ya kawaida au kisomea kadi. Unahamisha picha, unachomoa, unaweka kabatini. Haikai ndani ya simu kama kadi, lakini kazi ya kushusha mzigo inaifanya vizuri.

Turudi kwenye tenga

Turudi kwa mama yetu mezani kwa fundi. Amefuta grupu la harusi na video za vikoba, na GB 7 zimerudi. Picha ya mjukuu imeingia. Bado amenunua kadi ya GB 32, kwa ajili ya kwaya na picha za shamba, na fundi ameijaza na kuicheza mbele yake kabla ya kupokea hela. Jibu la swali letu, kwa hiyo, linafuata mpangilio huu: futa kwanza, ukihitaji zaidi, nunua kadi ya kweli, simu badilisha pale tu meza, yaani RAM, ndiyo iliyokuwa ndogo.

Hatua moja imebaki, ile ya mchuma chai ya kutoa majani kwenye tenga, na ndiyo inayorukwa na wengi. Picha zilizomo kwenye kadi peke yake zina makazi mamoja, na makazi hayo yanaweza kupotea kwenye mshono wa mfuko. Kila mwisho wa mwezi, nakili zile usizoweza kuzipiga tena kwenye flashi ya nyumbani, kwenye kompyuta ya mtoto aliye mjini, au mtandaoni ukiwa na bando. Sehemu mbili zinatosha. Fanya hivyo leo kwa picha kumi tu, zile za wazazi wako, kabla hujaifungua sura inayofuata.